Besi Saa Tatu, Trebo Saa Tisa

Migori,
11 Februari 1996

Kwa kaka yangu Motari,

Pokea salamu zangu na za mama. Sisi hatujambo, ila goti la mama la kushoto linamsumbua akiamka, na akishatembea kidogo linanyamaza. Shangazi Nyaboke alikuja kutoka Oyugis akakaa wiki nzima, akamaliza ndizi zote zilizokuwa jikoni, akaenda zake akisema tumekonda. Mvua imechelewa. Cherehani yangu nimeibadilishia mkanda, sasa inakimbia vizuri, lakini sare za shule za Januari zimeniacha na vidole vilivyojaa matundu ya sindano. Huko Homa Bay sijui mnaendeleaje, kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa ya Agosti na ilikuwa na mistari sita. Niliihesabu.

Sasa jambo lenyewe. Mzigo wako umefika. Dereva wa lori aliushusha mbele ya duka langu Jumanne, gitaa limefungwa kwa blanketi, amplifaya imefungwa kwa gunia, na barua hakuna. Nilimuuliza una ujumbe gani, akasema, "Motari alisema mumuwekee hii vitu. Basi." Akawasha lori akaenda.

Mama alitoka nyuma akalishika lile blanketi, akalinusa, akasema ni lako. Tangu siku hiyo amefagia chumba chako mara mbili na godoro ameanika. Anasema mtu hatangulizi vyombo vyake kama mwenyewe hafuati. Ndiyo maana nakuuliza wewe: unakuja? Na kama huji, mpiga gitaa anapigaje bila gitaa?

Unakumbuka ulivyomwambia baba mlangoni mwaka wa 1988, kwamba utarudi nyumbani kwa redio kwanza, halafu kwa miguu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka nyuzi ndani ya nyumba yake, na wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili na mdomo mrefu. Sasa baba hayupo. Tulimzika mwaka juzi, ukaja asubuhi, ukaondoka kabla chai haijachemka. Lakini yale maneno mama aliyashika. Kila jioni anakaa karibu na redio, na gitaa lolote likilia ananiita kutoka cherehanini, "Bitutu, kuja usikie. Huyu si ni Motari?" Namwambia sijui mama, hawajataja jina. Anangoja mpaka wataje.

Nina kosa la kuungama. Nimeiwasha hiyo amplifaya yako. Usinikasirikie, ulinifundisha mwenyewe kupiga gitaa la pili nikiwa na miaka kumi na moja, ili wewe upate mtu wa kukushikia mpigo huku ukikimbia juu na solo. Mpigo bado ninao vidoleni. Ila sauti inayotoka ni mbaya, inakwaruza kama mtu anayekomba sufuria tupu kwa kijiko. Vitufe vya kuzungusha ni vitatu na namba zake zimefutika zote, kumebaki ncha nyeupe tu inayoonyesha kimeelekea wapi. Niambie viwekwe vipi. Nataka isikike kama ulivyokuwa ukisikika wewe.

Nikipiga naacha nafasi yako, kama zamani. Inakaa wazi tu.

Mdogo wako asiyekusahau,
Bitutu


Homa Bay,
3 Machi 1996

Dada yangu Bitutu,

Barua yako nimeipata na nimefurahi sana. Mimi mzima wa afya. Huku joto ni la kutosha, upepo wa ziwa unakuja ukiwa umechoka. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya moto yenye chumvi, na Shangazi Nyaboke akija tena ficheni ndizi. Mchana namsaidia Dahir kidogo, yule mwenye duka la vyuma na rangi karibu na soko. Kundi letu la muziki limepumzika kwa sasa.

Amplifaya hiyo imezeeka. Trebo yake, yaani ile sauti nyembamba ya juu, imechoka, ndiyo sababu nimeituma. Nilimpa fundi Mayaka aifungue mara mbili na mara zote mbili akaniambia haina kitu. Mafundi wa siku hizi wanaangalia tu halafu wanafunga. Lakini kwa mtu anayejifunza inatosha, kwa hiyo sikia vizuri na usiruke hatua.

Kwanza, usiiweke sakafuni. Saruji inaivimbisha besi inakuwa uji. Tafuta kreti la soda, uligeuze, uiweke juu yake. Pili, itoe pembeni mwa ukuta. Nakujua, utakuwa umeisukuma kwenye kona ili upate nafasi ya meza yako ya kukatia. Tatu, nyuzi. Kama ni zile nilizoziacha, zina uchafu wa vidole vyangu vya mwaka mzima. Zitoe, zichemshe kwenye maji dakika kumi, zianike, uzirudishe. Zitakuwa kama mpya kwa wiki mbili tatu.

Sasa vitufe. Volyumu usiipandishe kupita sauti ya watu wawili wanaozungumza chumbani. Mtu akilazimika kupaza sauti, umezidisha. Mambo ya kukwaruza mengi yanatokana na pupa ya volyumu. Hivyo viwili vingine, kwa kuwa namba zimefutika, fikiria uso wa saa, na ile ncha nyeupe iwe mshale. Besi iweke saa tatu. Trebo iweke saa tisa. Ndivyo nilivyokuwa nikipiga mimi miaka miwili hii, na usibadilishe kwa kusikiliza maneno ya watu. Kila mtu ana masikio, lakini si kila mtu anajua gitaa.

Kisha piga kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha. Ulikuwa na tabia hiyo ya ukucha.

Kuhusu kuja nitakuandikia. Mwambie mama godoro lisikae juani muda mrefu, linaharibika.

Kaka yako,
Motari


Migori,
24 Machi 1996

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Mvua imekuja hatimaye, na imekuja kwa hasira, imebomoa choo cha jirani. Mama hajambo, maji ya chumvi yamemsaidia ingawa anasema ni maombi. Kanisani wamenipa kazi ya kushona majoho ya kwaya, meta arubaini za kitambaa cha buluu, na wote wanataka yawafiche matumbo.

Motari, kaka yangu, wewe ni bingwa. Nilifanya kila kitu ulivyosema. Nilitafuta kreti, nikasukuma meza, nikachemsha nyuzi mpaka mama akauliza ni mboga gani. Nikaitazama saa ya ukutani hapa dukani, nikazungusha besi hadi ncha ikaelekea kulia, palipo na namba tatu, na trebo hadi ikaelekea kushoto, palipo na namba tisa. Volyumu nikaiweka ya mazungumzo. Nikapiga kwa nyama ya kidole.

Sauti iliyotoka nashindwa kukueleza. Ilikuwa nene, imetulia, imejaa chumba bila kumsukuma mtu. Nilipiga ule mpigo wetu wa zamani mara moja, nikanyamaza kwa hofu, nikapiga tena. Fardowsa anayeuza vitambaa duka la pili alikuja akasimama mlangoni na utepe wake wa kupimia shingoni, akauliza nani amenifundisha. Nikasema kaka yangu. Akauliza yuko wapi huyo kaka. Nikasema anakuja.

Nimesema uongo au nimesema kweli? Wewe ndiye unajua.

Halafu mama. Alikuwa nyuma anachambua mchele. Akatoka na ungo mkononi, akakaa kwenye benchi la wateja, akasikiliza mpaka mwisho na macho amefunga. Akaniambia, "Sasa huyu ndio Motari." Nikamwambia mama ni mimi, ni Bitutu. Akasema anajua ni mimi, lakini sauti ni yako. Alilia, kaka. Hakulia kwa uchungu mwingi, alilia kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza ndani ya nyumba. Nami nikalia nikiwa nimeshika gitaa, wateja wawili wakatuangalia wakaahirisha shida zao.

Kwa hiyo usiniambie amplifaya imechoka. Haijachoka hata kidogo. Fundi wako Mayaka alisema kweli, mwombe radhi.

Njoo uisikie mwenyewe. Njoo hata Jumapili moja, urudi Jumatatu. Nimekukosa mpaka nakasirika.

Dada yako,
Bitutu


Homa Bay,
19 Mei 1996

Bitutu,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Samahani kwa kuchelewa, kazi za Dahir zimekuwa nyingi.

Ulikosea. Nilisema saa tatu na saa tisa kama watu wanavyosema saa, si namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Jiulize, saa tatu asubuhi ukienda kufungua duka, mshale mfupi uko wapi? Uko kwenye namba tisa, kushoto. Saa tisa alasiri uko kwenye namba tatu, kulia. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisemezana kwenye kundi letu na hakuna aliyewahi kukosea. Besi ielekee kushoto, iwe kidogo. Trebo ielekee kulia, iwe nyingi. Umeviweka vyote kinyume.

Virekebishe, halafu uniandikie kama inasikika vizuri. Sikiliza kwa makini kabla hujajibu, na umpigie mama pia. Niandikie ukweli.

Msalimie mama.

Motari


Migori,
2 Juni 1996

Kaka Motari,

Salamu za amani. Mama anakusalimia, na Fardowsa ambaye hujamwona anakusalimia. Majoho ya kwaya nimemaliza na matumbo yamefichika. Mahindi yamefika kiunoni.

Nilicheka sana niliposoma ile habari ya saa. Mimi nilisoma shule ileile uliyosoma wewe, na mwalimu aliyetuchapa kwa sababu ya mishale ni mmoja, lakini nilipoona neno "uso wa saa" akili ilikwenda kwenye namba moja kwa moja. Mama naye amecheka. Sasa akiniuliza saa ananiuliza, "Ya mtu ama ya amplifaya?"

Nimerekebisha kama ulivyosema. Umeniambia niandike ukweli, kwa hiyo naandika.

Nilipiga mara ya kwanza, mama akatoka nje. Sikumfukuza, alitoka tu, na alipokuwa mlangoni alikuwa ameziba sikio moja kwa kiganja. Nikadhani ni nyuzi, nikazikagua. Nikadhani ni ukucha, nikaukata. Nikapiga tena. Fardowsa akapiga ukuta kutoka upande wake, akasema, "Bitutu, hiyo kitu inaniingia kwa meno." Ilikuwa inachoma, kaka, ilikuwa kama sindano inapogonga chuma cha cherehani, na mimi najua mlio huo kwa sababu unanikondesha kila siku. Nilingoja siku tatu, nikajaribu tena kabla wateja hawajafika, labda masikio yangu yalikuwa yamechoka. Ilikuwa vilevile. Nikarudisha vitufe kwenye makosa yangu na nyumba ikapoa.

Sasa nimekaa na barua zako mbili mezani. Kwenye moja umeandika hivyo ndivyo ulivyokuwa ukipiga miaka miwili. Wewe. Wewe uliyekuwa ukikaa jikoni unaniambia uzi wa tatu umelegea, nami niko nje uani na gitaa la mbao. Uliyekuwa ukimwambia baba baiskeli yake inahitaji mafuta kabla hajafika getini. Ule mlio uliomtoa mama ndani ya nyumba, kwako ulikuwa mzuri?

Kaka, nakuuliza bila kuzunguka. Unasikia?

Kama nimekosea nisamehe, unicheke kama nilivyojicheka nilipokosea saa. Ningependa sana unicheke.

Bitutu


Migori,
18 Agosti 1996

Kaka yangu,

Hii ni ya pili na ile ya Juni hujaijibu. Sisi tupo. Mama goti limerudi. Shangazi Nyaboke amekuja na kuondoka, ndizi zilifichwa, akazikuta. Mvua imekatika mapema, mahindi ya chini yamekauka lakini ya juu tutavuna.

Wiki jana alikuja dukani mwanamume mmoja mrefu, anataka suruali mbili zipunguzwe kiuno. Nikamuuliza jina niandike kwenye kipande cha karatasi, akasema Machuki. Gitaa lako limetundikwa ukutani juu ya meza yangu. Aliliangalia, akaangalia jina langu lililopakwa rangi mlangoni, akaketi. Akaniambia alikuwa akikupigia ngoma kwa miaka minne, na sasa anafanya kazi Kehancha kwenye tumbaku.

Sikumuuliza chochote. Nilipima kiuno chake tu, maana naijua aibu yako na sikutaka kukuchungulia kwa dirisha la mtu mwingine. Lakini alipokuwa anaondoka aligeuka mlangoni akasema, "Dada, ukimwandikia Motari mwambie hatukumfukuza. Tulimwambia tu apunguze trebo. Akasema tunamwonea wivu, akabeba vitu vyake."

Nilishona zile suruali mbili na machozi, na moja nimeikaza kupita kiasi. Atarudi kulalamika.

Sitakuuliza tena nililokuuliza Juni. Nimeshajua, na wewe unajua kwamba nimejua. Mama hajui. Jioni bado anakaa na redio. Jana kulikuwa na gitaa zuri sana, akaniita, nikasema kwa sauti kubwa, si yeye mama, si yeye, acha kungoja redio. Nilijuta papo hapo. Alizima redio mwenyewe, akakaa hapo hapo mikono mapajani. Nilitamani anigombeze, hakunigombeza.

Siwezi kubeba hili peke yangu. Mimi sitaki mpiga gitaa. Nataka kaka. Mpiga gitaa nimeshakuwa mimi, na sipigi vibaya.

Njoo nyumbani.

Bitutu


Homa Bay,
8 Septemba 1996

Dada yangu mpendwa Bitutu,

Pole kwa kukungojesha miezi mitatu. Barua zako zote mbili nilizipata. Ya Juni nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilianza kuijibu mara nyingi, nikawa naandika habari za joto na za Dahir, nachana.

Ndiyo. Sisikii. Si kwamba sisikii kabisa, na hilo ndilo lililonidanganya muda mrefu. Lori nalisikia. Ngoma nazisikia, besi naisikia mpaka kifuani. Wanaume wenye sauti nzito nazungumza nao vizuri. Kilichokwenda ni cha juu. Kilianza na ndege, nikadhani huku Homa Bay ndege wamepungua. Kisha kengele za baiskeli, nikagongwa mara mbili nikawatukana waendeshaji kwamba hawapigi kengele. Miaka saba nilisimama upande wa kulia wa jukwaa, amplifaya iko usawa wa sikio langu la kushoto, mikono miwili tu kutoka kwangu. Nilipenda iwe karibu. Nilikuwa naona fahari.

Gitaa lilipoanza kukosa makali nikasema ni nyuzi. Nikabadilisha nyuzi. Nikasema ni amplifaya. Nikazungusha trebo kidogo, na mwezi uliofuata kidogo tena. Wenzangu wakaniambia inachoma, nikawaambia wakatafute masikio. Machuki ni mtu wa heshima. Hakukusimulia matusi niliyomtukana, na yalikuwa mengi. Mayaka aliponiambia mashine nzima, nilimwita mwongo mbele ya mke wake. Nikakutumieni mashine mbovu, ndivyo nilivyoamini. Naapa, Bitutu, sikuwa nakudanganya katika barua ile ya Machi. Nilikuwa najidanganya mimi, wewe ukapata mabaki.

Kisha ukaniandikia ile barua ya furaha, umepindua vitufe, na mama amelia na kusema ni mimi. Niliisoma nimesimama dukani kwa Dahir na brashi mkononi. Nilijua pale pale. Kama trebo ikiwa kushoto sauti ni tamu kwa watu wazima watatu, basi mashine haina ugonjwa, na mgonjwa ni mimi. Ndiyo maana nikakujibu kwa ukali. Nilikuwa naomba urekebishe vitufe halafu uniambie sasa ndiyo imekuwa nzuri zaidi. Nilingoja jibu hilo wiki mbili, na nilikuwa silali vizuri. Ukaniandikia ukweli kama nilivyokuagiza, na nikakuchukia kwa siku nne hivi. Nisamehe.

Mwezi wa saba nilienda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akagonga uma wa chuma wa kupimia masikio akaniwekea nyuma ya sikio, akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia hujagonga bado. Akagonga tena. Nikaona ule uma ukitetemeka kwa mlio na mimi nimekaa kwenye kimya changu. Alisema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki nikitunze. Dahir ameniweka kwenye kazi ya kuandika mabango ya maduka, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Ninaandika vizuri, na ni kazi ambayo mtu hahitaji kuitwa. Ukifika Homa Bay utaona mkono wangu kwenye milango mingi.

Sasa nikueleze lililonizuia kuja, maana hujaniuliza na najua umeliwaza. Si yale maneno ya redio. Yale nilikwisha kuyameza zamani, siku ya mazishi. Ilikuwa ni siku ile yenyewe. Mama alisimama kando yangu kaburini akaniambia jambo, nikaona midomo yake inacheza, na sikupata hata neno. Nikaitikia tu kwa kichwa. Akaniangalia vibaya, nikajua si jambo la kuitikia. Labda aliniuliza nitakaa siku ngapi. Sikuthubutu kumwambia arudie. Nikaondoka kabla chai haijachemka, na wewe umelikumbuka hilo, na naona mama pia amelikumbuka.

Sauti ya mama ni nyembamba, Bitutu. Yako pia. Sauti za wanawake ndizo zilizotangulia kuniacha. Homa Bay hakuna anayeniita kwa upendo, kwa hiyo sijapoteza kitu kikubwa. Huko nyumbani ndiko kila mtu ninayemtaka yuko upande ule nisiosikia. Nimekaa hapa miaka miwili nikisikia sauti zenu kichwani vizuri kabisa, ulivyokuwa ukibishana, mama akiimba anapochambua mchele. Niliogopa kwamba nikija nitazifuta kwa kimya.

Lakini barua yako ya Agosti imenishinda. Umesema unataka kaka. Kaka bado yuko, na yuko mzima ukiacha masikio.

Nitashuka Migori Jumapili tarehe 22, mchana. Mwambie mama ukweli kabla sijafika, mwambie wewe kwa maneno yako, mimi nitamwambia iliyobaki. Muulize alinisemesha nini siku ile kaburini, na aniambie tena. Na mwambie asiniite kutoka mlangoni akiniona nakuja. Najua ataniita. Nisipogeuka atafikiri ni hasira ile ya zamani. Anisubiri nifike karibu, anishike uso kwa mikono yake miwili nimwone, ndipo aseme.

Kaka yako,
Motari